Malimbuko Mabichi

Kaka yangu Ambokile huombea mizani. Kila asubuhi saa moja kamili, kabla kreti hata moja haijapandishwa, anaweka kiganja juu ya sahani ya chuma, anafumba macho na kumwomba Mungu aifanye mizani kuwa ya haki. Sijui kwa nini anamsumbua Mungu kwa hilo. Mizani yetu haijawahi kumwibia mtu, wanaoiba ni watu wanaosimama kando yake. Sisi wafanyakazi tunajipanga nyuma yake tumevua kofia, mvua ya Tukuyu inagonga bati, na anayechelewa sala hiyo anakatwa nusu siku. Anayechelewa kazi yenyewe anaonywa tu.

Kampuni yetu inaitwa Shukrani Matunda. Tunanunua maparachichi kwa wakulima wadogo wa Kisondela na vijiji vya jirani, tunayapanga kwa madaraja, tunayabandika lebo, kisha lori la wanunuzi wakubwa wanaosafirisha nje ya nchi, ambao sisi ni mawakala wao, linakuja kuyachukua. Baba yetu aliianzisha kwa baiskeli moja na matenga mawili. Alipofariki, uongozi ukamwendea Ambokile kwa sababu ni mwanamume na kwa sababu ni mzee wa kanisa, sababu mbili ambazo katika ukoo wetu hakuna anayethubutu kuzikagua. Mimi, Atupele, nikaachiwa meza ya kupangia matunda na robo ya chini ya shamba la familia kule Nkunga. Nina miaka arobaini na tisa, watoto wawili wa sekondari, na mume aliyekwenda Tunduma kununua turubai miaka sita iliyopita. Nadhani bado analichagua.

Kitu cha kwanza alichoanzisha Ambokile ni kikapu. Alitangaza kwamba kila mkulima anayetuletea mzigo ataacha kikapu kimoja pembeni, kisichopimwa wala kulipwa, na kikapu hicho kitaitwa kikapu cha shukrani. Vikapu vinakusanywa, vinapelekwa kanisani, na huko katibu anasoma kwenye kipaza sauti: "Shukrani Matunda, vikapu thelathini na viwili." Wale waliovibeba kichwani kutoka bondeni wanakaa mabenchi ya nyuma na kuitikia amina. Siku moja nilimuuliza kaka kama isingekuwa vizuri majina ya wenye vikapu yatajwe. Alinitazama kwa huruma, vile anavyomtazama mlevi.

"Mtu akitoa hatakiwi kutangaza, mdogo wangu," akasema.

Wakati huo alikuwa anarekebisha tai mbele ya kioo cha gari, tayari kwenda kutangazwa.

Mkulima mmoja tu ndiye aliyekataa kikapu. Ni Bibi Esnath wa Kisondela, mjane wa miaka sitini na nane, mwenye miti ishirini na miwili kwenye mteremko ambao hata mbuzi anaushuka akifikiri. Msidhani ni malaika. Ana ulimi mkali, hamwamini mtu, na siku ya kuleta mzigo anasimama juu ya kichwa cha mpimaji mpaka mpimaji anaanza kutoka jasho. Ila matunda ya miti yake miwili ya barabarani hajawahi kuyauza. Mpita njia mwenye njaa anachuma, na mwanamke aliyejifungua hapo kijijini anapelekewa ndoo. Ambokile alipomweleza habari za kikapu mbele ya watu wote, bibi alikunja kanga yake taratibu akamjibu.

"Sadaka yangu naipeleka mwenyewe, baba. Miguu ninayo bado."

Watu walicheka. Ambokile naye alicheka, kisha akaenda ofisini na kukaa huko mpaka saa sita. Mimi ninamjua ndugu yangu tangu tukilala kitanda kimoja. Mtu akimwibia anasahau, lakini akimfanya achekwe na watu hasahau.

Sasa nije kwenye malimbuko. Kanisani kwetu kuna Jumapili moja ya kuleta mazao ya kwanza ya msimu, na miaka ya nyuma watu walileta walichokuwa nacho: mkungu wa ndizi, debe la maharage, jogoo. Tangu maparachichi yaanze kuleta magari mjini, Jumapili hiyo imekuwa mashindano. Mwaka huu mfanyabiashara mwenzetu Jotham alisimama akaahidi kuleta malimbuko ya parachichi kabla ya mtu mwingine yeyote. Ambokile hakukaa hata dakika mbili. Akasimama na yeye, akasema lori la kwanza kutoka Rungwe msimu huu litakuwa la Shukrani Matunda, na bei yake yote itaezeka ukumbi wa kanisa. Watu wakapiga makofi. Mchungaji Andongwisye, ambaye kila Jumapili anakula mchana nyumbani kwa Ambokile, akasema huo ndio moyo wa imani.

Tatizo ni kwamba parachichi halina habari na ahadi za watu. Msimu ulichelewa kwa sababu mvua za mwanzo zilichelewa, na matunda ya Nkunga yalibakiza wiki tano nzima kukomaa. Parachichi likichumwa kabla ya kukomaa haliivi kamwe. Unaweza kulifunika kwa majani ya mgomba, unaweza kulilaza kwenye pumba, litanywea tu na kuwa gumu kama soli ya kiatu. Mtoto wa darasa la pili wa Rungwe analijua hilo. Mzee wa kanisa, mwana wa mwanzilishi wa kampuni ya maparachichi, alipeleka wachumaji Nkunga siku ya Alhamisi.

Kreti arobaini zikafika mezani kwangu. Nilichukua tunda moja nikalipasua. Tunda lililokomaa, ganda la kokwa lake ni jembamba na la kahawia. Hili lilikuwa na ganda nene, jeupe kama jino. Nikapasua la pili na la tatu, kisha nikampelekea ofisini kwenye sahani.

"Kaka, haya hayajakomaa."

"Yataivia njiani."

"Hayaivii njiani wala mbinguni. Wanunuzi wakikata moja tu, namba saba inafutwa."

Hapo ni lazima nieleze. Kila mkulima ana namba yake, na namba hiyo inaandikwa kwenye lebo ya kila kreti. Wanunuzi wakikuta mzigo haujakomaa hawaulizi habari ya mvua wala ya ahadi. Wanamfuta mwenye namba kwa misimu miwili, na orodha ya waliofutwa inapelekwa kwa mawakala wote, kwa hiyo hata ukimkimbilia Jotham hakupokei. Namba saba ni shamba letu la Nkunga, ikiwa ni pamoja na ile robo yangu ya chini. Na kwa kuwa ni shamba la wakala mwenyewe, likifutwa, kampuni nayo inanyang'anywa uwakala.

Ambokile alitazama zile kokwa nyeupe kwa muda mrefu. Nilidhani atasema tuyamwage. Badala yake alifumba macho, akasogeza midomo kidogo, kisha akafumbua akiwa na uso wa mtu aliyepokea jibu.

"Andika namba ya Esnath," akasema.

Nilimwambia sikumsikia. Akarudia, kwa upole ule ule wa kuombea mizani. Akanieleza kwamba huenda wasikague kabisa, na wakikagua, yule mama ana miti michache, hana watoto wa kusomesha, na tangu mwanzo hakuwa pamoja nasi katika shukrani.

"Wakimfuta hatutamwacha," akasema. "Nitampa unga na sukari kila mwezi. Tutamweka kwenye orodha ya wahitaji wa kanisa. Atatunzwa kuliko anavyojitunza sasa."

Nimekaa na maneno hayo miezi mingi na bado nayadharau kama siku ya kwanza. Mtu anamchukulia mwenzake shoka, kisha anajisifu kwamba atampelekea kuni. Na alikuwa anamaanisha. Ambokile si mnafiki wa kujificha, ningemheshimu kidogo kama angekuwa hivyo. Yeye aliona kabisa kwamba anamtendea Bibi Esnath wema.

Lakini msinipigie makofi mimi. Niliandika lebo. Kreti arobaini, namba mia moja na kumi na nne, kwa mwandiko wangu mzuri ambao baba alikuwa akiusifia. Nilikuwa nafikiria ada za shule na chumba changu kwenye kiwanja cha familia, na nilijiambia kwamba pengine kweli hawatakagua. Nyani haoni kundule, na mimi siku hiyo nilijitahidi hasa nisigeuke nyuma.

Walikagua. Alhamisi iliyofuata orodha ililetwa na mkaguzi wa ubora, dada mmoja aitwaye Lilian, mtu wa Singida aliyehamishiwa huku mwaka jana na ambaye bado anavaa makoti mawili kwa ajili ya baridi yetu. Hakukaa kunywa chai. Alibandika karatasi ukutani na kuondoka, na namba mia moja na kumi na nne ilikuwa juu kabisa.

Ijumaa asubuhi Bibi Esnath alikuja. Alikuwa amepanda bodaboda mpaka nusu ya njia na iliyobaki ametembea, kwa sababu utelezi ulimshinda dereva. Matope yalimfika magotini. Alisimama katikati ya banda, wakati wa sala, akasubiri Ambokile amalize na mizani.

"Nimeambiwa nimefutwa," akasema.

"Pole sana, mama," Ambokile akajibu. "Ni jaribu. Bwana hatupi jaribu tusiloliweza."

"Sijauliza la Bwana. Matunda yangu yote yapo mtini, hakuna mchumaji aliyefika kwangu. Ninyi mlipeleka yapi?"

Wapakiaji walijua, wote walijua, walikuwa wamebeba zile kreti kwa mikono yao. Kila mmoja akapata kitu cha kutazama miguuni pake. Mimi nilikuwa na parachichi mkononi na nililishika mpaka kucha ikazama kwenye ganda.

"Hayo ni mambo ya kompyuta, mama," Ambokile akasema. "Yana utaratibu wake. Sisi tutakushika mkono." Akamwita wifi yangu Loyce, mke wake, na Loyce akatoka ofisini na mfuko wa unga wa kilo kumi na simu tayari imewashwa kamera. Ambokile akaunyanyua ule mfuko kwa mikono miwili, akageuza uso upande wenye mwanga.

Bibi Esnath aliutazama mfuko, akaitazama kamera, akageuka akaondoka. Alipopita mezani kwangu alisimama kidogo.

"Atupele, wewe ndiye unayeandika lebo, au sivyo?"

"Ndiyo, mama."

"Haya."

Aliondoka. Sikumfuata. Alikuwa na miti iliyojaa matunda mazuri, yaliyobakiza wiki chache kukomaa sawasawa, na hapakuwa na mtu wilaya nzima ambaye angeruhusiwa kuyanunua. Yangeanguka na kuozea kwenye majani, na mwakani vilevile. Hiyo ndiyo ilikuwa mali yake yote. Usiku ule niliwajibu watoto wangu vibaya bila sababu na nikaomba muda mrefu, na mwisho nikaikatiza sala yenyewe, kwa maana ilikuwa na sauti ya Ambokile.

Jumapili ya malimbuko ikafika. Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Mbele ya madhabahu palikuwa na kreti nyingine kumi za Nkunga, zilizochumwa pamoja na zile arobaini, tulizobakiza kwa ajili ya siku hiyo, na kwa kuwa zilishakaa siku kumi, matunda yalikuwa yameanza kujikunja kama uso wa mzee. Loyce alishinda Jumamosi nzima akiyapaka mafuta ya kula ili yang'ae. Nilikaa benchi la tatu na nilisikia harufu ya alizeti.

Kwa kuwa mvua ilikuwa nje, mnada ulifanyika humo humo ndani kabla ya mahubiri. Ambaye hajauona mnada wa kanisani kwetu amekosa kitu. Jogoo mmoja aliuzwa mara tano. Kila aliyemnunua alimrudisha kwa Bwana ili auzwe tena na jina lake litajwe, na mwisho jogoo akarudi nyumbani kwa mwenyewe, amechoka, akiwa ameliingizia kanisa bei ya ndama. Kreti za Ambokile alizinunua Ambokile. Alijipandia dau mwenyewe mara tatu, hakukuwa na aliyeshindana naye, na kila alipopanda watu walipiga vigelegele. Kisha akatoa bahasha ya fedha za mabati kutoka mfukoni mwake, maana lori lenyewe lilikuwa limekataliwa, jambo ambalo hakulitaja.

Upande wa kushoto waliweka benchi la wahitaji: wazee wanne, mama mmoja mlemavu, na nafasi moja wazi. Ya Bibi Esnath. Mchungaji alimtumia ujumbe kwamba aje, jambo lake litazungumzwa. Alikuja, lakini lile benchi hakulikalia. Alisimama mlangoni na mwavuli wake unaodondosha maji.

Ukafika wakati wa ushuhuda. Mwalimu mmoja alishukuru kwa kupandishwa daraja. Mama mmoja alishukuru kwa ng'ombe aliyepona. Kisha nikajikuta nimesimama, na kipaza sauti kiko mkononi mwangu.

"Zile kreti arobaini zilizokataliwa si za Bibi Esnath wa Kisondela," nikasema. "Ni za kwetu, za Nkunga. Zilichumwa mbichi ili tuwahi leo. Lebo niliandika mimi kwa mkono huu, kwa amri ya kaka yangu Ambokile, naye anajua."

Nikaona jasho kwenye paji la kaka. Nikawaza, leo ndiyo mwisho, leo paa litatuangukia.

Basi mama mmoja wa kwaya, kwa mazoea tu, akasema, "Haleluya."

Wengine wakaitikia. Mchungaji Andongwisye alishuka madhabahuni karibu kwa mbio, akaniwekea mkono kichwani na kuuliza kanisa ni wangapi kati yetu wenye moyo uliopondeka namna hii. Kinanda kikaanza. Na Ambokile, jamani, Ambokile alikuja mbele akilia machozi ya kweli, akanikumbatia, akachukua kipaza sauti kutoka mkononi mwangu.

"Sisi kama familia," akasema, na sauti ikamkatika, "sisi kama familia tumemsamehe dada yetu."

Kanisa zima likasimama na kupiga makofi. Jotham alipiga makofi. Wapakiaji wetu walipiga makofi. Funika kombe mwanaharamu apite, na kombe lenyewe lilifunikwa kwa wimbo wa sauti nne. Aibu yangu ni hii: nilijisikia vizuri. Nililia kwenye bega la kaka yangu na nikajiona mwepesi, msafi, nimemaliza. Robo saa nzima nilikuwa mtu mwenye furaha.

Baada ya ibada watu walinishika mikono wakiniita shujaa. Nilipofika mlangoni Bibi Esnath alikuwa bado amesimama pale pale.

"Nimekusikia," akasema. "Umesamehewa vizuri."

"Asante, mama. Nimeutua mzigo."

"Umeutua wapi?"

Sikuelewa. Akanisogelea, akateremsha sauti kama mtu anayemwambia mwenzake nguo imechanika nyuma.

"Namba yangu imerudi?"

"Bado."

"Yule dada wa makoti mawili alikuwemo humu?"

"Hakuwemo."

"Sasa ulikuwa unamwambia nani?"

Yeye akafungua mwavuli akashika njia ya Kisondela, na nyuma yangu kipaza sauti kilikuwa kinaita jina lake aje achukue unga.

Jumatatu sikwenda kwenye sala ya mizani. Nilikwenda ofisi ya wanunuzi, chumba kimoja nyuma ya soko la Tukuyu. Ambokile alishapata habari, sijui kwa nani, na alinikuta mlangoni akihema. Hakupiga kelele, huwa hapigi.

"Jambo limekwisha, Atupele. Limekwisha mbele za Mungu na mbele ya kanisa. Unataka kulifufua la nini?"

"Kwa Bibi Esnath halijaisha."

"Nimesema nitamtunza."

"Hataki kutunzwa. Ana miti."

"Na wafanyakazi kumi na wanne, nani atawatunza? Na jina la baba?"

Hilo la jina la baba lilinichoma, kwa sababu ule mwandiko aliokuwa akiusifia nilikuwa nimeutumia mara arobaini kwa uongo. Nikaingia ndani. Lilian alikuwa anapuliza chai. Nikaanza kumweleza tangu mwanzo, habari ya ahadi, habari ya Jotham, habari ya moyo wangu, na nilipofika kwenye moyo wangu alinyanyua mkono.

"Mama Atupele, samahani. Mimi ushuhuda siuhitaji. Nahitaji namba na sahihi." Akanisukumia fomu. "Ila ujue, nikiifuta saba, na robo yako imo humo humo. Siwezi kukata shamba vipande."

"Najua."

"Misimu miwili, mama. Na uwakala unaondoka."

"Najua, mwanangu. Nipe kalamu."

Niliandika saba. Haikuchukua hata dakika moja. Hakuna aliyepiga makofi. Lilian alisoma, akagonga muhuri, akaiondoa mia moja na kumi na nne kwenye orodha ya waliofutwa, akanywa chai yake. Nilipotoka Ambokile alikuwa ameshaondoka.

Yaliyofuata mnaweza kuyakisia. Kampuni ilifungwa kabla ya mwisho wa mwezi. Wapakiaji wengi walichukuliwa na Jotham, ambaye naye sasa ameanzisha kikapu chake. Kiwanjani kwa familia niliambiwa chumba changu kinahitajika kwa mgeni. Kanisani, wale wale walioniita shujaa waliniombea kama mtu aliyerudi nyuma, jina langu likitajwa kwenye kipaza sauti kila Jumapili, na Ambokile akisema amina ya kwanza. Dhambi yangu ya kuandika lebo waliisamehe kwa wimbo mmoja. Kuirekebisha hawajanisamehe mpaka leo. Nilipanga chumba Kisondela kwa mama mmoja muuza ndizi, na nikawa nachuma matunda ya watu kwa kibarua.

Ndivyo nilivyofika kwa Bibi Esnath, siku wachumaji walipokwenda kwake. Hakuniita mimi, aliita kikundi, na mimi nilikuwa kwenye kikundi. Matunda yalikuwa yamekomaa hasa, mazito, ganda la kokwa la kahawia. Tulichuma tangu asubuhi mpaka alasiri, na muda wote huo alinisemesha mara moja tu, kuniambia kwamba nimeacha moja juu kwenye tawi. Nilipanda tena nikalichuma.

Jioni wenzangu walipoondoka aliniambia nisubiri. Akaenda kwenye miti yake miwili ya barabarani na kurudi na ndoo imejaa. Akaiweka miguuni pangu.

"Wapelekee watoto."

Nikasema, "Mama, ukinipa hivi, mimi sijui niseme nini. Baada ya yale niliyokutendea, kama umenisamehe kweli..."

"Gwe Atupele." Alikuwa amechoka na hakuficha. "Sijakusamehe. Nakupa kwa sababu huna."

Uso ulinichoma hadi masikioni. Nilitamani kukataa, nilitamani kumwambia miguu ninayo, mikono ninayo, lakini nyumbani palikuwa na watoto wawili na chumvi tu. Nikaipokea ndoo kwa mikono miwili, nikashukuru kwa Kinyakyusa, ndaga fijo, kama tulivyofundishwa tangu utoto, nikaanza kupanda mteremko.